Udongo wa Pasha

Katika miaka ishirini na miwili ya kufua, kupiga pasi na kufagia nyumba za wageni mjini Kigali, Gahongayire alikuwa ameona mengi ya kumfanya abetue midomo. Alimwona Mjerumani akila nyama mbichi ya kusaga, kiini cha yai kimewekwa juu yake. Alimwona mama wa Kifaransa akilala na mbwa kitanda kimoja, shuka moja, halafu asubuhi akilalamika kwamba saladi haikuoshwa vizuri. Aliwaona watu wazima, wenye vyeo na magari, wakijilaza ndani ya beseni kubwa na kujiosha kwa maji yaleyale waliyoyachafua wenyewe. Na karatasi! Juu ya habari ya karatasi chooni Gahongayire aliweza kuzungumza tangu adhuhuri mpaka alasiri, na jirani zake wa Rwezamenyo hawakuchoka kumsikiliza. "Watu hawajui maji," alikuwa akisema, "halafu eti ndio wanaotufundisha usafi."

Lakini paka kuwa na choo chake ndani ya nyumba, hatua tano kutoka jikoni, kimejazwa udongo uliosafirishwa kutoka Ulaya, hilo lilimshinda hata kulicheka.

Msikitini alijulikana kwa jina la Zubeda, kwenye kitambulisho aliandikwa Gahongayire, na mtaani alikuwa Mama Yasmina. Babu yake mzaa baba alikuja na biashara ya nguo na chumvi kutoka pande za Ujiji, akaoa Rwanda, akafia Rwanda. Mume wake alikuwa dereva wa lori; gari lilimpindukia kwenye kona za njia ya Rusumo mwaka wa sabini na saba, akamwachia mjane wake chumba kimoja, cherehani mbovu na binti wa miaka minane. Gahongayire hakuolewa tena. Waliokuja kumposa aliwakagua kucha, na kucha za wanaume wa Kigali hazikuwahi kumridhisha.

Usafi ndio uliokuwa mali yake. Alikuwa na kanga za kazini na kanga za nyumbani, na za sala aliziweka mbali na hizo zote, ndani ya sanduku la bati. Ndoo ya chooni haikuruhusiwa hata kutazamana na ndoo ya jikoni. Choo cha ua wao, walichokitumia watu wa nyumba tano, alikisugua mwenyewe kwa jivu kila Ijumaa, kwa sababu zamu za wengine aliziona ni kupaka uchafu maji tu. Watu walimheshimu kwa hilo, na walimchoka kwa hilohilo. Uchafu, kwake, ilikuwa ni tabia ya watu wengine.

Madamu wa tano alifika Kiyovu ya matajiri mwanzoni mwa mwaka wa tisini na mbili. Mume wake alikuwa mhandisi wa barabara, mtu wa kuondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa na vumbi masikioni. Madamu mwenyewe aliwahi kuishi Bukavu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa pili wa ziwa. Na paka, dume kubwa la rangi ya majivu, aliitwa Pasha. Mwaka ule vita vilikuwa kaskazini, na mtu hakuweza kushuka mjini kununua hata nyanya bila kuonyesha kitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani. Pasha alishuka kwenye ndege ndani ya kikapu, ana karatasi zake za chanjo zenye mihuri mitatu, akapita moja kwa moja. Gahongayire alilisimulia jambo hilo mtaani kwa wiki nzima.

Choo cha Pasha kilikuwa karai la plastiki la buluu. Ndani yake ulimwagwa udongo mweupe wa chembechembe kutoka kwenye mifuko mizito iliyopangwa stoo, mifuko yenye picha ya paka anayetabasamu. Pasha aliingia, akakuna, akachutama huku akimtazama Gahongayire usoni bila haya, akafukia, akatoka. Kazi ya kusafisha ilikuwa ya Gahongayire.

Mwezi wa tatu Madamu alimwita, akamketisha kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amejaa aibu na furaha pamoja.

"Gahonga, unisikilize muzuri. Mimi niko na mimba. Tangu leo mimi sigusi tena hii karai, hata kidogo. Mavi ya pusi inaweza kuwa na microbe. Ile microbe ikiingia mwanamuke wa mimba, inaweza kuharibu macho ya mutoto, kuharibu kichwa, ao mimba inatoka."

"Hakuna shida, Madamu," alisema Gahongayire, ambaye ndiye aliyekuwa akiligusa karai tangu siku ya kwanza.

"Ngoja, sijamaliza. Unatoa mavi kila siku. Kila siku! Siku ya kwanza microbe ingali inalala. Ukiiacha siku mbili, tatu, inaamuka. Unavaa glavu. Unatia ndani ya sachet, unafunga, unatia tena ndani ya sachet ya pili. Kisha Eustache wa bustani anachimba shimo, urefu wa mukono muzima, mbali na robinet ya maji, mbali na mboga. Anatia chokaa, anafunika. Hapana kutupa kwa mufereji, hapana kutupa mahali munatupa maganda ya ndizi, kwa sababu ile inakuwa mbolea. Karai munaosha na maji ya moto. Na mikono, sabuni, mpaka hapa." Akajigusa kiwiko.

Siku ya pili aliyaandika yote kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya karai. Gahongayire aliitazama ile karatasi kwa dharau kubwa. Yeye aliyenawa mara tano kwa siku mpaka kwenye viwiko tangu akiwa na miaka saba, leo afundishwe kiwiko kiko wapi! Tena na nani? Na mwanamke mwenye miaka thelathini na mitano anayeogopa mavi ya kiumbe kisichozidi uzito wa kuku wawili. Wanawake wa Rwezamenyo walibeba mimba huku wakibeba maji, wakifagia mavi ya kuku, ya mbuzi na ya watoto wa watu, na walizaa. Kama kulikuwa na ugonjwa wa kuogopa paka, basi uliumbwa kwa ajili ya watu wasio na shida nyingine.

Kwa hiyo alifanya alichofanya siku zote kwa amri alizozidharau: alizitekeleza nusu. Alivaa glavu Madamu alipokuwepo. Alichota, akafunga ndani ya mfuko mmoja, akaupeleka bustanini kwa Eustache akiushika kwa vidole viwili.

"Chukua. Fukia."

Eustache, mtunza bustani, alikuwa mtu wa Gikongoro, miaka arobaini hivi, mwenye maneno machache na jembe lake mwenyewe alilokuja nalo kutoka kwao. Aliona kazi yake ni maua na nyasi.

"Mama Yasmina, mimi iko na kazi ya maua. Mavi ya pusi hapana kazi yangu."

"Basi nenda ukamwambie Madamu."

Eustache hakwenda. Alichukua ule mfuko, na Gahongayire akarudi ndani bila kutazama ulikopelekwa. Mavi ya paka yalikuwa yametoka mkononi mwake. Yakifika kaburini au yasifike, hiyo ilikuwa habari ya mtu wa Gikongoro.

Sasa, kuhusu ule udongo. Siku moja ya mwezi wa nne Gahongayire alikuwa akifungua mfuko mpya stoo, na chembe kadhaa zikamwagikia mkononi. Zilikuwa nyeupe, kavu, safi. Alizinusa. Zilikuwa na harufu ya ardhi inapopigwa na mvua ya kwanza. Akaweka chembe moja kwenye ulimi, ikavunjika kwa sauti ndogo na kukausha mate yote mdomoni, naye akakumbuka mara moja miezi tisa ya mwaka wa sitini na tisa, alipokuwa na Yasmina tumboni. Hii ilikuwa ingwa! Udongo mweupe uleule ambao wanawake wajawazito huununua sokoni kwa vipande, wakautafuna mchana kutwa, isipokuwa huu ulikuwa umechekechwa, hauna kokoto wala mizizi, na haukushikwashikwa na wauzaji wa Nyamirambo wenye kucha nyeusi.

Alisimama pale stoo akitikisa kichwa. Wazungu walikuwa wamechukua chakula cha wajawazito wakampa paka akinyee.

Na yeye alikuwa na mjamzito nyumbani. Yasmina, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa na Manzi, fundi cherehani, wakapanga chumba uani kwao, na katika miaka minne ya ndoa mimba mbili zilikuwa zimetoka, ya kwanza kwenye mwezi wa tatu, ya pili kwenye mwezi wa tano, ikiwa imeshaanza kucheza. Ya pili ndiyo iliyomwinamisha. Alikaa siku arobaini hatoki chumbani. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tatu, na Gahongayire aliilinda kwa ukali: alimkataza binti yake kubeba ndoo, alimkataza kupanda mteremko, alimkataza hata kucheka sana. Hakuweza kumkataza udongo, kwa sababu Yasmina aliutamani mpaka akilia, na alikuwa akitoka kuununua kwa wale wenye kucha nyeusi.

Siku hiyo Gahongayire alirudi nyumbani na udongo wa Ulaya, amefunga kwenye kipande cha kitambaa ndani ya kikapu. Kwenye kizuizi askari alikifungua kile kitambaa.

"Nini hii? Dawa?"

"Ingwa ya binti yangu. Ana mimba."

Askari alicheka, kijana wa watu, akafunga kitambaa vizuri kuliko alivyokifungua. "Mama yangu alimaliza ukuta mzima wa nyumba akiwa na mimba yangu," alisema. "Pita, mama."

Yasmina aliusifu. Ulikuwa laini, ulivunjika vizuri, haukuacha mchanga kwenye meno. Gahongayire hakumwambia ulitoka kwenye mfuko wenye picha ya paka. Alimwambia ni ingwa ya Wazungu, na hilo halikuwa uongo. Kuiba hakukuita kuiba. Udongo ni wa Mungu, na uliochukuliwa haukuwa bado umemfikia paka. Tangu siku hiyo kila baada ya siku mbili tatu kitambaa kiliteremka Rwezamenyo kimejaa, na Yasmina akawagawia wajawazito wenzake wawili wa ua ule ule, nao wakamwombea mama yake maisha marefu.

Mwezi wa tano Madamu alisimama stoo, mkono kiunoni, tumbo limeanza kujitokeza.

"Gahonga, hii udongo inaisha mbio sana. Pasha ni moja tu. Mifuko inaenda wapi?"

Gahongayire hakuhitaji hata kufikiri. "Ni Eustache, Madamu. Anatupa yote, mavi na udongo mzuri pamoja. Watu wa mashambani hawajui thamani ya kitu."

Akatoka nje kwenda kumalizia uongo wake ili usimame vizuri. Eustache alikuwa akipunguza maua ya ukutani.

"Wewe bwana, unatupa udongo ovyo. Madamu amekasirika. Ule udongo umetoka Ulaya, si matope ya kwenu. Kuanzia leo usiutupe hivyohivyo. Umesikia?"

Eustache aliweka mkasi chini. "Nimesikia," alisema.

Na kweli, tangu siku hiyo malalamiko yaliisha. Mfuko uliofunguliwa ulikaa, na hata kitambaa cha Rwezamenyo hakikuupunguza sana. Gahongayire alijipongeza kwa kumnyoosha yule mtu. Alidhani sasa Eustache anachambua kabla ya kutupa, na hakujishughulisha kuuliza zaidi, kwa sababu chini ya jua hakuna jambo alilolijali kidogo kuliko Eustache anafanya nini na mavi ya paka.

Yasmina ndiye aliyeanza kuona tofauti. "Mama," alisema jioni moja, anatafuna polepole, "udongo wa siku hizi una chumvichumvi."

"Ndiyo ladha ya Ulaya. Huko hawali kitu kisicho na chumvi."

"Lakini wa kwanza haukuwa hivi."

"Ule ulikuwa mfuko mwingine. Mwanangu, unapewa kitu cha bei na unatafuta kasoro kama mwenye duka."

Wiki nyingine Yasmina alitoa kitu mdomoni, akakinyoosha kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa unywele mmoja mfupi wa rangi ya majivu. Gahongayire aliutwaa, akautupa uani, akasema ni wa kanga yake. Kanga yake ilikuwa nyekundu.

Kiangazi kiliingia. Asubuhi moja ya mwezi wa saba Madamu alitaka mapazia yaanikwe kwenye jua kali, na kamba ya nguo ilikuwa imejaa, kwa hiyo Gahongayire alizunguka mpaka nyuma ya kibanda cha zana, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu aanze kazi. Pale palikuwa na karatasi mbili za bati zilizolazwa juu ya matofali. Juu ya bati moja udongo mweupe ulikuwa umetandazwa vizuri, umesawazishwa kwa reki kama mpunga, nao bado una unyevu. Juu ya bati la pili ulikuwa umekauka. Pembeni palikuwa na ndoo, kipande cha sabuni ya bluu na chekecheo. Eustache alikuwa amechuchumaa, akichota ule mkavu kwa viganja na kuutia ndani ya mfuko wenye picha ya paka anayetabasamu.

"Unafanya nini?" aliuliza Gahongayire, ingawa macho yake yalikuwa yameshamjibu.

"Nafanya ile ulisema." Eustache hakusimama. "Ulisema hapana kutupa ovyo, umetoka Uraya. Sasa mimi natoa mavi, natupa mbari kule, nyuma ya ukuta. Udongo naosha na sabuni, naanika siku tatu, harafu narudisha ndani ya mufuko. Iko safi kabisa. Pusi yenyewe haijajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Miezi miwili sasa." Alifurahi kidogo kuulizwa, ilikuwa mara ya kwanza mama huyu kupendezwa na kazi yake. "Siku tatu ya jua, mama. Hapana pungufu."

Siku tatu. Gahongayire aliisikia sauti ya Madamu, ile sauti aliyoidharau kwenye kiti cha jikoni: siku ya kwanza inalala, ukiiacha mbili, tatu, inaamka. Mapazia yalimponyoka mikononi, yakaanguka juu ya nyasi. Alikumbuka chumvichumvi. Aliukumbuka ule unywele. Akainama pale pale mbele ya Eustache na kutapika chai ya asubuhi, yeye ambaye hakuwa ametia hata chembe moja ya udongo ule mdomoni mwake tangu mwezi wa nne. Aliyeutafuna kwa miezi miwili, kwa mkono wa mama yake, alikuwa Yasmina, na mimba yake ilikuwa imetimiza miezi sita.

Kwa siku mbili hakumwambia mtu. Jioni ya kwanza aliurukia udongo uliobaki nyumbani, akaumwaga chooni, na Yasmina alipouliza akaambiwa umeisha, hakuna tena, asiulize. Wale wenzake wawili walikuwa wameshajifungua salama tangu mwezi wa tano, kabla ya chumvichumvi. Hilo lilimpunguzia mzigo kidogo, lakini si ule aliouogopa. Alimtazama binti yake akilala na kuhesabu pumzi zake. Kila Yasmina aliposhika kiuno, Gahongayire alikurupuka kumwendea. Alitafuta njia ya kumpeleka hospitali bila kusema kwa nini, lakini kila njia ilifika kwenye swali moja, daktari atauliza alikula nini, na ni wapi wanapopima ugonjwa ambao wewe mwenyewe umemcheka mtu kwa kuuogopa?

Siku ya tatu aliingia sebuleni kwa Madamu akiwa na kanga yake nzuri, akasimama. Alisema yote: udongo, kitambaa, uongo juu ya Eustache, bati. Aliyasema kwa mfululizo, macho yakiwa kwenye zulia, kwa sababu alijua akisimama katikati hatamaliza.

Madamu hakupiga kelele. Aliweka mkono mdomoni. Kisha akauliza, polepole, "Alikula? Alikula udongo wa Pasha?"

"Ndiyo, Madamu."

"Lakini Gahonga... namna gani mutu anakula ile kitu?"

Gahongayire aliinua macho na kuuona uso wake. Aliujua sana uso ule. Ulikuwa ni uso wake mwenyewe, uleule aliouvaa mbele ya nyama mbichi ya Mjerumani, mbele ya mbwa kitandani, mbele ya karatasi. Mdomo umebetuka kidogo upande mmoja, pua imevutwa nyuma. Alikuwa na majibu mengi kuhusu udongo, mama zake na bibi zake, lakini aliyaacha. Alikuwa amekuja kuomba.

"Naomba daktari wako ampime binti yangu," alisema. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze baadaye."

Haki itendeke: Madamu alifanya alichoombwa, tena kesho yake. Daktari wake alimchukua Yasmina damu, akasema kipimo chenyewe hakipo Kigali, damu itakwenda Ubelgiji pamoja na ya Madamu mwenyewe, na majibu yatachukua wiki tatu. Ndipo Yasmina alipojua. Aliambiwa ofisini kwa daktari, kwa Kifaransa na Kinyarwanda, mama yake amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini. Hakulia. Alimgeukia mama yake akasema, "Nilikuambia una chumvi," na njiani kurudi Rwezamenyo alitembea mbele peke yake.

Wiki tatu zile Gahongayire alichimba. Hakumwachia Eustache tena, alimwazima jembe. Udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu, lakini kila asubuhi shimo lilifika urefu wa mkono mzima, mbali na bomba, mbali na mboga. Alivaa glavu, hata Madamu asipokuwepo. Alifunga mfuko, akaufunga ndani ya mfuko wa pili, akaweka chokaa, akafukia, akashindilia kwa mguu. Karai aliliosha kwa maji yaliyochemka mpaka plastiki ikafifia rangi. Kisha akakumbuka maneno ya Eustache, nyuma ya ukuta, akazunguka kwenda kutazama. Chini ya ukuta ule ndiko ilikoanzia Kiyovu ya maskini, na kwenye ule mteremko, katikati ya mavi makavu ya Pasha, mchicha ulikuwa umestawi vizuri sana, nao ulikuwa umechumwa. Alirudi akamchukua Eustache, wakashuka na makoleo mawili, wakakusanya yote, wakang'oa na mchicha wenyewe.

"Mama Yasmina," aliuliza Eustache, jasho likimtoka, "hii kazi ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Gahongayire. "Nisaidie."

Majibu yalikuja mwanzoni mwa mwezi wa nane. Daktari aliyaeleza mara mbili, Manzi naye akiwepo, kwa sababu mara ya kwanza Gahongayire hakuyaamini. Damu ya Yasmina ilionyesha kwamba aliwahi kupata ugonjwa ule zamani sana, pengine utotoni, akapona bila kujua, kama wengi wanavyoupata kwenye udongo na mboga. Aliyekwisha kuupata haupitishi kwa mtoto hata akikutana nao tena, au ni mara chache mno. Mimba zile mbili zilitoka kwa sababu nyingine. Huyu alikuwa salama kwa upande huo. Ila Madamu hakuwa ameupata kamwe, kwa hiyo yeye ndiye wa kuogopa, na alikuwa amefanya vyema kuogopa.

Mwezi mmoja nyuma Gahongayire angeliondoka na habari hiyo na kuisimulia mtaani mpaka Idi: kwamba damu ya Rwezamenyo imeishinda damu ya Ulaya. Hakuisimulia. Alisujudu pale nyumbani muda mrefu, na alipoinuka alikwenda kumwambia Yasmina, aliyekwisha kuambiwa na Manzi. Yasmina alisema, "Alhamdulillahi," akaendelea kukunja nguo. Chakula alichokuwa akiletewa na mama yake alikuwa akikipokea kwa adabu, akikiweka kando, na kupika chake.

Madamu hakumfukuza. Alibadilisha kufuli ya stoo.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, msichana, mwenye macho makubwa yaliyofuata mwanga kila ulikokwenda. Gahongayire aliingia chumbani kwa Yasmina asubuhi, amevaa kanga zake za sala, mpya, zinanukia udi. Alikuwa ametoka msikitini kuswali, yaani alikuwa ametawadha, na mikono yake haikuwa imegusa kitu tangu pale isipokuwa kikapu cha uji. Jirani zake watatu wa ua walikuwa wamekaa kwenye mkeka, walewale waliocheka naye habari za Mjerumani na karatasi. Alicheka, akainama juu ya mkeka, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea mjukuu wake.

Yasmina alimvuta mtoto kifuani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, ya heshima, ambayo watu wote mle ndani waliisikia. "Umenawa?"

Wale majirani walitazama mkeka. Gahongayire alibaki mikono imenyooka mbele yake, mitupu. Kisha akaishusha, akatoka uani, akatafuta sabuni, akamimina maji, akasugua vidole, viganja, vifundo, akapanda polepole mpaka kwenye viwiko, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya Madamu. Aliporudi alisimama mlangoni na kumwonyesha binti yake mikono yake, pande zote mbili.